Meza Karibu na Mlango wa Jikoni

Ibada imekwisha. Viatu vya Jumapili
vinashuka ngazi kwenda ukumbi wa chini,
harufu ya kambare wa kukaanga ikiwalaki,
nami nimekaa na fomu zangu, kalamu tatu za bluu,
kitambaa cha meza kile cha Pasaka,
maana hakikuwapo kingine kikavu.

Mchungaji Hollowell hakutaja mgombea.
Sheria ya kodi imempiga pini ulimi,
basi alihubiri Nehemia, kila mtu na kipande chake cha ukuta,
akakohoa, akanitazama.
Mbiu ya mgambo haihitaji kulia mara mbili.

Dada Verlene kahama nyumba, kajaza.
Mapacha wa Crenshaw wametimiza kumi na nane Alhamisi,
wamejaza huku wakinyang'anyana kalamu.
Halafu Tavaris, mwana wa marehemu Ozella,
kasimama na sahani, hakai.
"Mimi nilifungwa, mama. Haki yangu waliizika huko huko."
Nikamuuliza: parole? Iliisha Februari.
Faini? Dada yake alilipa, risiti ipo.
Basi Georgia haikudai kitu, nikamwambia. Kaa.

Akasoma polepole hadi kule chini,
penye neno *naapa*.
Akaweka uma.
"Mara ya mwisho kuapa
mkono ulikuwa juu ya Biblia, nami nikadanganya
kumwokoa mtu ambaye hata barua hakuniandikia.
Hapa Biblia hakuna."

Ninayo mkobani. Sikuitoa.
Kuna viapo ambavyo mtu huachiwa peke yake.

Akaandika jina. Anwani ikamshinda:
analala kwenye kochi la dada yake, mtaa wa Pecan.
Kochi nalo ni makazi, nikasema, andika namba ya nyumba.
Penye tarehe mkono ukajiendea wenyewe:
aliandika siku aliyotoka gerezani.
Tukatazamana.
Ozella angecheka.

Nikatoa fomu nyingine.
Ya pili akaharibu jina la kati.
Ya tatu ilipokamilika, samaki alikwisha kupoa,
mafuta yameganda kwenye sahani ya karatasi,
na watoto wanafagia miguuni petu.

Akauliza kama ni lazima ampigie kura
yule anayependwa na mchungaji.
"Mchungaji hakumtaja mtu," nikasema.
"Nilimsikia," akasema.
"Alivyokuwa hamtaji, nilimsikia hadi kiti cha nyuma."