Pembe ya Kibao

Kabla Kisuke hajachonga ile mikato miwili kwenye kibao,
rangi ilikuwa kazi ya shangazi yangu Onui.
Karatasi zilimfikia nyeusi kwa nyeupe, mbichimbichi,
waigizaji wamekunja nyuso, wanawake wameinamia miavuli,
mistari mitupu inayongoja kuvishwa.

Risasi nyekundu aliiweka kwenye ganda la chaza.
Manjano yake yalikuwa manjano kweli, mzizi uliotwangwa.
Kwenye wino wa mshipi alitia gundi ya ng'ombe
ung'ae kama mgongo wa mende.
Hapakuwa na mbili zilizofanana:
akiwa na njaa, wekundu uliruka mstari;
wiki ile aliyozikwa mumewe, Edo nzima
ilinunua miavuli isiyo na rangi, ikadhani ni mtindo.

Kisha kibao. Mti wa mcheri, mgumu kama deni,
pembeni mkato wenye kiwiko, mbele yake mwingine ulionyooka.
"Karatasi inakaa hapa, na hapa," Kisuke alisema,
"kibao cha waridi, kibao cha kijani, haitikisiki."
Onui akaingiza ukucha wa kidole gumba, akapima.
"Padogo hivi? Hapaingii hata punje ya mchele.
Na hapa ndipo nitakapomezwa?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi ndiye niliyeajiriwa
kulowesha karatasi na kukoroga waridi,
na mshahara wangu wa kwanza ulikuwa wake, najua.
Nilimpelekea nusu. Akahesabu, akanirudishia.

Rangi mbili zikawa tatu. Majira ya baridi yale
matajiri walipotaka kalenda za kushindana
zikawa tisa, kumi: kijivu cha njiwa, zambarau,
samawati ya kiua cha umande ambayo tone la jasho huifuta.
Kisuke alisugua kwa kisahani chake cha ganda la mwanzi
mpaka kiganja kikaota gamba,
na mia ya kwanza ikatoka sawa na mia ya pili,
pacha, pacha, pacha.

Halafu mvua za mwezi wa sita. Mbao zilivimba,
karatasi zilijinyoosha kama paka,
na mwanamke wa daraja la Ryogoku
akapata midomo kidevuni.
Karatasi mia mbili, hasara. Kisuke aliketi akaziangalia
kama mtu anayesoma hati ya kufukuzwa nyumba.

Onui alikuja bila kuitwa. Alicheka mpaka akakaa chini.
"Basi nacho kinajua kukosea," akasema,
akachagua ile mbaya kuliko zote, akailipia,
mon tano juu ya ubao, moja moja.

Ninayo mpaka leo. Yeye hayupo, Kisuke haoni.
Samawati ya mto imekufa, maji yamekuwa rangi ya majani makavu,
na ile midomo ya waridi iliyopotea njia
imefifia kidevuni, haipo tena.
Lakini pale panapostahili mdomo
kuna alama ndogo ya brashi, risasi nyekundu,
imeiva kwa miaka ikawa karibu nyeusi.
Sikumwona akiitia.
Imekaa mahali pake, wala haikushikwa na pembe yoyote.