Tundu la Upande wa Jikoni

Mama alikataa kuliziba.
Udongo ulikuwepo, samadi ilikuwepo,
na mikono yake, iliyokandika nyumba nzima, ilikuwepo.
"Liacheni," alisema. "Shahidi hazibwi mdomo."

Ilikuwa Juni, Masoko, ukungu wa kukatwa kwa panga.
Nilikuwa na miaka saba, nimelala kati ya Bibi na ndama.
Hatukusikia hodi.

Hodi ni neno dogo, halina hata mfupa.
Mwizi wa ndizi naye hukohoa akipita uani.
Lakini askari wa boma, watatu, na tarishi mmoja
aliyewahi kula arusini kwetu,
waliingia kama maji ya Aprili.
Mlango wa mianzi, kazi ya Baba ya wiki mbili,
ukalala chini. Wakaukanyaga.

Walitafuta kichwa kisicholipiwa kodi.
Walikitafuta ndani ya kibuyu cha maziwa,
chini ya ungo, kwenye chungu cha maharage,
kwenye jivu, ambamo walipata viazi viwili
wakavila.

Nyuma ya mkeka alikuwepo Subilaga, mke wa kaka,
na kichanga cha siku nne.
Baba mwenyewe, mkwewe, mwenye nyumba,
hukohoa tangu migombani ili binti afiche uso;
miaka miwili ua mmoja, paji lake hajaliona.
Askari akaushika mkeka kwa vidole viwili,
akaufunua kama afunuaye sufuria.

Bibi akanyamaza.
Alinyamaza mpaka mavuno.

Mmoja akachoma ukuta kwa singe, asikie kama kuna mtu.
Ukuta haukulia.
Stakabadhi ya kodi ilikuwa darini, ndani ya mwanzi,
imekunjwa mara nne, ina muhuri.
Wangeuliza tu.

Baba alikuwa akipalilia maua kwa Bwana Shauri, Tukuyu.
Kule kulikuwa na geti, kengele ya shaba,
na mbwa aliyefundishwa kutenga viatu na miguu mitupu.
Siku moja Bwana alimwambia mgeni, chai mkononi
(mpishi ndiye aliyetutafsiria):
kwetu, nyumba ya mtu ni ngome yake.

Baba akaipeleka stakabadhi bomani.
Alipiga hodi. Alingoja hadi saa tisa.
Karani Mwaisaka akamwonyesha hati ya upekuzi:
tarehe ipo, sahihi ipo,
mahali pa jina peupe, papana kama uwanja wa mnada.
"Ni nyumba yoyote," akasema karani.
"Basi na ile yenye kengele," akajibu Baba.

Jumatatu hakuwa na kazi.

Mlango tuliusuka upya.
Subilaga alirudi kwao Busokelo na mtoto mgongoni,
na hakuna aliyethubutu kumfuata.
Tundu likabaki. Saa kumi, ukungu ukiachia,
jua huingia humo, jembamba,
hugusa mafiga, hupanda mkeka,
hupekua.

Sasa nina nyumba ya bati, na kufuli,
na ufunguo ni wangu, mfukoni mwangu.
Bado nikifika mlangoni, ndani hamna mtu,
nakohoa kwanza.