Kiganja cha Kushoto

*kwa Nkwimba Lushinge, mrushaji, siku anapoondoka chuoni*

Mwanzoni sikukupenda, Nkwimba.
Nilitaka kurusha mimi.
Mwalimu Bwire akatutazama mikono,
akanipa mimi glavu, wewe akakupa mpira,
akasema: "Huyu atarusha. Wewe utamvumilia."

Miaka mitatu nimekuvumilia kwa kiganja cha kushoto.
Jumatatu kilivimba kama andazi,
Jumatano kikageuka rangi ya zambarau,
Ijumaa sikuweza kufua.

Wale wa gazeti la chuo walikuuliza umejifunza wapi,
walitaka jina la kocha.
Ukawaambia: mpungani kwa bibi, Magu,
miezi ya kwelea kwelea,
kombeo la katani na donge la udongo
tangu alfajiri mpaka ndege walale.
Wakacheka. Hawakuandika.
Lakini mimi niliyechuchumaa mbele yako
kila mkono wako uliposhuka ukapita nyonga
nilisikia kombeo likivuma.

Uwanja wetu pale Malimbe haukuwa uwanja.
Ulikuwa mteremko, na upande wa kulia jabali
ambalo trekta la chuo lilishindwa kulitikisa,
tukalihesabu mchezaji wetu wa kumi.
Mipira tulikuwa nayo mitano.
Mmoja ulidunda jabalini ukaingia ziwani,
ukavimba, ukanuka sato,
nawe ukauanika juu ya paa la bweni
kando ya dagaa wa mama mpishi,
ukaurusha nusu fainali.
Wasichana wa Tabora waligeuza nyuso
kabla hata ya kuinua gongo!

Nilikuwa naandika kila kitu kwenye kaunta buku:
nani amekosa, mara ngapi, upepo ulitoka wapi.
Mia tatu na kumi na wawili
walirudi kwenye benchi wakiburuta gongo.
Siku ile ya Kagera, uliporusha mwanzo hadi mwisho
bila mtu kugusa hata besi ya kwanza,
niliandika kwa wino mwekundu.
Daftari likapotea tulipohamishwa bweni.

Mwezi uliopita nimenunua karanga Kirumba,
nimefungua karatasi: mwandiko wangu.
*N.L., kumi na mmoja*,
na chumvi juu ya jina lako.
Nikamrudia yule kijana, nikanunua karanga zote.
Sikupata ukurasa mwingine.
Tumbo liliniuma siku mbili.
Ndiyo maana naandika upya, bila daftari.

Na fainali niiandike,
maana watakaokuaga ukumbini wataipita haraka.
Bega lilikuwa limekwisha,
umelifunga kwa khanga chini ya jezi.
Nikakuonyesha vidole viwili, ukatikisa kichwa.
Nikakuonyesha kimoja, mpira wa moja kwa moja,
ukakubali,
na yule mrefu wa Dodoma akaupata.
Ukapita juu ya jabali,
juu ya mnandi walioanika mbawa zao,
ukazama.
Ulikuwa wa mwisho. Hatukuwa na mwingine.
Uwanja mzima kimya.
Ukapiga paja kwa mkono mzima, mara tatu, taratibu:
"Huyo kaupiga kweli. Mwacheni azunguke."

Leo joho limekuzidi urefu.
Mkuu wa chuo amekuita mwanamichezo bora,
amekupa cheti na jagi.
Jagi, Nkwimba! Kwa bega lile!
Jumatatu unaripoti Misungwi,
hesabu, darasa la tano.
Nasikia shule haina uwanja,
ina mpunga pande zote.
Nawahurumia kwelea kwelea.

Kiganja kimepona, karibu.
Ila asubuhi za ukungu, ziwa lisipoonekana,
kinawasha pale katikati,
nami nakikunjua, nakiweka mbele ya kifua,
bila glavu,
nakunja magoti kidogo.

Leta.