Strungi

Kazi yangu ni kufyonza.
Tangu saa mbili asubuhi, ghorofa ya pili, Shimanzi,
vikombe vyeupe vimepangwa kama meno ya mtu anayecheka,
mia tatu kabla ya adhuhuri,
nami na eproni na kijiko
napita nikivuta kimoja kimoja kwa kishindo,
chai iruke, igonge kaakaa,
kisha naitema katika ndoo ya magurudumu.
Simezi. Miaka kumi na moja simezi.

Mama alinizaba kofi nikiwa na miaka sita
kwa kunywa uji namna hiyo mbele ya wageni.
Sasa nalipwa.
Majirani huwaambia tu, Mwanaheri yuko ofisini.

Leo ilishuka sampuli ya mlimani,
futi elfu saba na ushei,
kule jani linakolala na baridi
na halina pupa ya kukua.
Nilifyonza mara moja, nikasimama.
Mwadime akainua kalamu, akingoja
maneno yetu ya kila siku: angavu, kali, ina mwili.
Nikamwambia, ngoja.
Kisha nikameza.

Jioni nilirudi Kibokoni na vijiko viwili vya majani
ndani ya karatasi, kama dawa.
"Mama, leo tunakunywa strungi."
Akanitazama kana kwamba nimemtukana.
Kwetu strungi ni chai ya tarehe ishirini na saba,
chai ya matanga siku ya tatu, maziwa yamekwisha
na watu bado wanakuja.
"Maziwa yapo," akasema. "Hatujafika huko."

Maji kwanza. Si ya kisima cha uani,
hayo yana chumvi, ni ya kuoshea samaki.
Nilimsimamisha Nyiro na mkokoteni wake,
dumu moja la maji matamu.
Yachemke mara moja tu; yakirudiwa
hulegea, hukosa pumzi.

Nikamwambia Mama jambo asiloliamini:
kule juu maji huchemka mapema,
yakatokota hayajapata ukali wake.
Ni huku chini, kando ya bahari,
yanakofika kwenye moto wao kamili.
Jani huzaliwa kwao, likaja kusema kwetu.
"Basi wangetuletea na ng'ombe," akasema.

Nilisuuza buli kwa maji ya moto.
Kijiko kwa kikombe, kijiko kwa kikombe, basi.
Nikafunika. Mkono wake ukaenda wenyewe
kwenye kopo la iliki; nikaushika.
"Na sukari?"
"Hata chembe."
"Hivi hutendewa mgonjwa."

Adhana ya isha ikaanza, ikaisha,
nikahesabu kidogo tena, nikachuja.

Rangi ya sinia la shaba
lililosuguliwa kwa ndimu na majivu,
na ukingoni mwa kikombe, pete nyembamba
inayowaka hata chini ya taa yetu mbovu.

Mama alinusa. Akanywa kwa adabu, midomo imebana.
Akaweka. Hakusema.
Akainua tena.

"Vuta, Mama. Iache iruke."

Akatazama mlangoni,
kana kwamba wageni wale wa uji bado wamekaa pale,
kisha akafyonza.
Paka wa barazani akageuza kichwa.

"Ina kitu hapa nyuma," akagusa koo.
"Kama ganda la ndimu. La.
Kama kanga iliyoanuliwa haijakauka vizuri,
ukaiweka usoni."

Miaka kumi na moja nalitafuta neno hilo.
Kesho Mwadime ataandika, apende asipende.

Alimaliza. Akaosha kikombe mwenyewe,
akakifunika juu ya kitambaa,
akaanza kwenda kutawadha, akarudi.

"Kesho niletee na ile mbovu," akasema.
"Nijue tofauti."