Vidato Mia na Arobaini na Vinne

Kitabu cha Ushangi nimekisoma mara tatu,
mara ya tatu nikiwa na penseli,
kwa sababu Profesa Mzevinar anataka kurasa kumi
juu ya upuuzi wa kuwepo
kabla ya Ijumaa.

Upuuzi. Neno jepesi.
Mama alinikemea nalo nilipolamba barafu ya dirishani.
Sasa wanafalsafa wanalitwika dunia nzima,
dunia unayoiita na haiitiki.

Ukurasa wa arobaini. Rustavi, kipupwe,
tanuru za chuma zimezimwa, gesi imekatwa,
lifti imekwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita,
mlango nusu wazi,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Tsiala, mama yake, anapandisha maji hadi ghorofa ya tisa.
Vidato mia na arobaini na vinne. Ushangi alivihesabu,
hakuwa na kingine cha kuhesabu.
Ndoo ina tundu. Tundu limezibwa kwa sabuni.
Sabuni inayeyuka.
Anafika na nusu ya maji, yana povu,
na chai yao msimu ule mzima
ilikuwa na ladha ya nguo zilizofuliwa.

Badri, kitinda mimba, akauliza:
mbona maji yanajua kushuka yenyewe
na kupanda hayajui?

Hapo nilipiga mstari. Pembeni nikaandika: NDIYO!
Nikajiona nimemaliza kazi ya Ijumaa.

Lakini kuna ukurasa wa themanini na saba.
Tsiala anateleza ghorofa ya sita, ndoo inamtangulia chini,
kidato kwa kidato, ikipiga kelele kama harusi,
naye anaketi gizani, anacheka.
Anacheka mpaka mshumaa unazimika.
Darasani Profesa aliufunga mkono ngumi:
"Mnamwona? Anajua ndoo itaanguka na kesho tena,
na bado anacheka. Huo ndio uasi. Huo ndio uhuru."
Tuliandika. Madirisha yalikuwa na joto.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa,
ila anaweza kumpa alama.

Hakutusomea mistari miwili inayofuata:
kwamba alipokwisha kucheka Tsiala aliwasha kiberiti
akatazama juu, akatazama chini,
kuona kama kuna jirani aliyemsikia.
Kisha akainama, akakamua maji ya ngazini kwa leso yake
ndani ya ndoo.

Penseli yangu ilisimama hapo usiku kucha.

Maana mtoto yule hakuiuliza mbingu kitu.
Aliliuliza dirisha la duka la mkate, saa kumi alfajiri,
akiwa na kuponi namba mia mbili na kumi.
Dirisha lilinyamaza, kweli,
lakini nyuma yake mlikuwa na mwanamke mwenye kofia ya manyoya,
na nyuma ya mwanamke mlango,
na nyuma ya mlango harufu.
Ukimya ule ulikuwa na funguo mfukoni.
Gesi haikukatwa na ulimwengu.
Ilikuwa na mkono, na mkono ulikuwa na kalamu.

Hayo nimeyaandika. Kurasa tatu, si kumi.
Kisha nikakwama, maana Badri alikufa mwezi wa pili
kwa kikohozi ambacho Ushangi alikuwa nacho pia,
kitanda kimoja, blanketi moja, chai ile ile ya sabuni,
na Ushangi akapona.
Hapa sina kofia ya manyoya ya kumlaumu.
Natafuta kalamu, siioni yote.
Labda neno lile jepesi lilikuwa likinisubiri hapa,
na sasa linanielemea nisiweze kuliinua.

Nikampigia mama. Siku zile aliishi ghorofa ya nne.
Mliwezaje? nikamuuliza. Maji, giza, vyote vile?
"Maji?" akasema. "Tulikuwa tunapandisha."
Akanyamaza kidogo.
"Wewe umekula?"

Alhamisi usiku. Lifti yetu siku hizi inameza sarafu.
Imemeza yangu, haikutikisika.
Napanda kwa miguu, kitabu kwapani,
nahesabu.
Kwenye thelathini na moja mbwa wa mtu amebweka,
hesabu imenipotea.
Sikurudi kuianza.