Maji Matupu

Kioo alikikata fundi Shaame wa Mlandege,
akakiunga kwa gundi ya madirisha ya bafu,
akaniapia: hili halitoi hata jasho.
Tukalipandisha ngazi za Michenzani, ghorofa ya nne,
mimi mbele, Haroub nyuma, ukuta ukitukwaruza vidole,
tukalitua juu ya kabati la televisheni.
Lita themanini. Kabati likaguna.

Maji ya bomba yalikuja saa nane za usiku,
nikajaza. Asubuhi Bi Saade wa ghorofa ya tatu
kasimama mlangoni, kanga imemlowa begani:
"Mwanangu, kwangu kunanyesha,
na nje jua linawaka."

Gundi mpya. Siku tatu kukauka.
Mchanga nikauteka pwani ya Kizingo, bure,
nikauosha maji matatu, kumbe chumvi haisahau kwao.
Nikaumwaga wote,
nikanunua changarawe kwa bei ya mchele.

Ndoo nane nikazipanga ukumbini, klorini iondoke,
nikazisahau wiki nzima. Akapita bwana afya na tochi yake,
akainamia ndoo ya tano, akainuka taratibu:
"Ndugu yangu, hawa unaowafuga ni mbu."

Kitabu kilisema maji yataka uozo kwanza,
yaviite vijidudu visivyoonekana,
vigeuze sumu kali kuwa sumu nyengine,
na hiyo nyengine kuwa mbolea.
Nikenda Darajani nikaomba kamba mmoja.
"Mmoja?" muuzaji kauliza. "Una wageni wangapi?"
Nikamtumbukiza. Siku ya nne jumba zima likajua.
Bi Saade kapanda tena, pua kaifunika kwa mtandio:
"Tumezungukwa na samaki pande zote,
nawe wanunua uvundo?"

Mama peke yake hakulalamika.
Mama, anayeniita kwa jina la mjomba aliyekufa zamani,
huvuta kiti baada ya alasiri,
akayatazama maji matupu na kamba anayeyeyuka,
akaninong'oneza: "Wamelala. Usiwashe redio."

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Matone ya kipimo: kijani, kijani, kijani.
Wanasema subira huvuta heri.
Yangu ilivuta mwani, ukapanda kioo hadi ukingoni.
Umeme ukakatika kutwa, pampu ikanyamaza,
nikakaa na kikombe, nachota, namimina,
nachota, namimina, kama mtu anayepoza chai ya jini.

Siku ya thelathini na moja rangi ikaelekea manjano.
Siku hiyo hiyo narudi kazini
naikuta sponji ya chujio imeanikwa kwenye kamba
(ya nguo, si yule wa majini),
nyeupe, inanukia sabuni ya unga.
Mama anajifuta mikono:
"Ilikuwa chafu. Nimekufulia."

Mwezi mzima wa viumbe nisiowahi kuwaona
wamekwenda na povu hadi mtaroni.
Neno lilinifika kwenye meno. Nikalitafuna.
Mikono ile ndiyo iliyofua shati langu la skuli
mpaka kola ikapasuka kwa usafi.

Nikaanza upya. Kamba mwengine.
Safari hii muuzaji hakuuliza kitu.

Sasa wapo wanne, mikia kama vipande vya leso.
Wa tano alikufa usiku wa kwanza, mpaka leo sijui kwa nini.
Viluwiluwi wa ndoo nawachota kwa kijiko, wanawapapia.
Bi Saade kaja kuwaona, kakaa kitako,
kasema: "Hawa ukiwatia nazi, hata chungu hawakijazi,"
na kesho yake karudi na mkufu wake wa maneno
na akasahau kuyasema.

Mama kasogeza kiti. Anawafuata kwa kidole,
kwenda, kurudi, kwenda.
Jina langu leo pia hakulipata.
Kisha akakunja uso, kama aliyehesabu wageni
akaona sahani moja haijaguswa:
"Na yule kamba," kauliza, "mbona simuoni?"