Kanuni ya Sare

Sitini kwa sitini.
Mtangazaji akakunjua kikaratasi:
"Alama zikilingana, hujibu nahodha peke yake.
Swali moja. Akikosea, ushindi kwa wapinzani.
Mwenzake akinong'ona, vilevile."

Tulishuka wanne ukumbini Mbeya,
mkate mmoja tumeugawa kwenye gari.
Sasa tukabaki Ambakisye
na watu watatu wa kupamba viti.

"Kiazi mviringo: ni mzizi, au ni shina?"

Mimi wa Umalila,
niliyechimba viazi kabla sijajua kuhesabu,
niliyelala juu ya mbegu, uvunguni macho yanachipua
(na mzizi, jamani, mzizi hauna macho),
nikaung'ata ulimi hadi nikaonja chumvi.

Ambakisye, mtoto wa nyumba za benki,
akabonyeza kama anayeua mbu.
"Mzizi!"

Makofi yakaenda Iringa.

Santilya tumefika na ukungu.
Mama alitazama yote kwa kina Lugano.
Nilingoja aniulize kama nilijua;
maneno nilikwisha yapanga, makali.
Akasukuma kuni, akafunua chungu, mvuke ukamficha uso:

"Yule mrefu aliyekosea,
amepata cha kula?"